Muwa Ukishaungua

Mradi wa karanga wa Kongwa ni rahisi kuucheka. Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa kazi, wakataka kuigeuza nyika ya Ugogo kuwa shamba la karanga lisilo na mwisho. Januari 1951 serikali yao ilikubali kwamba mambo yamekwisha, na pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji mahali ambapo maji yenyewe ni shida. Tangu hapo kila anayetaka kuonyesha ubaya wa mashamba makubwa hukimbilia Kongwa. Mimi sioni kama Kongwa inatufundisha mengi kuhusu mkulima mdogo. Mradi ulioanguka baada ya miaka minne haujakaa na majirani zake vya kutosha. Kazi ngumu ni kulitazama shamba kubwa lililosimama, likazalisha, likalipa mishahara na kodi, na hadi leo lipo. Kwa hiyo tunahamia Kilombero.

Ukitoka Mikumi kuelekea Ifakara, baada ya Kidodi miwa inaanza kukusindikiza hadi mji mdogo wa Ruaha na daraja la Mto Ruaha Mkuu. Ng'ambo ni Kidatu. Kuanzia hapo kulia kwako inapanda milima ya Udzungwa, ambayo tangu 1992 ni hifadhi ya taifa, na kushoto ni miwa. Katikati kuna ukanda mwembamba ambao umebeba barabara, reli ya TAZARA na vijiji: Msolwa, Sanje, na mbele zaidi Mang'ula. Watu wa vijiji hivyo wanaishi kati ya msitu wasioruhusiwa kuingia na shamba lisilo lao, na mashamba yao wenyewe yamejibana humo humo.

Kampuni ya Sukari Kilombero ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa mitaji ya nje na mkono wa Benki ya Dunia kupitia tawi lake la mikopo ya biashara, IFC. Kiwanda cha kwanza, kinachoitwa K1, kiko upande wa Kidatu. Cha pili, K2, kilijengwa Ruembe katika miaka ya 1970, wakati kampuni ikiwa tayari mali ya umma. Yaliyofuata yanajulikana kwa kila aliyekuwa mtu mzima miaka ya 1980: vipuri hakuna, mitambo imechoka, sukari ya mgao. Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa. Illovo ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 55, ED&F Man ya Uingereza asilimia 20, serikali ikabaki na 25. Illovo nayo baadaye ilimezwa na Associated British Foods ya London, kwanza kwa hisa nyingi mwaka 2006, kisha yote kabisa mwaka 2016.

Wanunuzi hao wapya walikuta kitu ambacho hakikuwepo Kongwa: wakulima wadogo waliokuwa tayari wanalima zao hilo hilo kandokando ya kiwanda. Wengine ni wenyeji, Wavidunda kutoka milimani, Wambunga, Wapogoro, Wandamba. Wengine walikuja na kazi. Walikuja kukata miwa, walikuja kujenga TAZARA, walikuja kujenga bwawa la umeme la Kidatu, kazi ilipoisha wakaomba kipande cha shamba wakabaki. Kampuni haikuwa na haja ya kuwanyang'anya watu hawa ardhi. Ilihitaji miwa yao. Mashamba yake yenyewe, yenye umwagiliaji, hayakutosha kushibisha viwanda viwili. Basi katika muda wa miaka kumi hivi baada ya ubinafsishaji, wakulima wa nje, kama wanavyoitwa huko, waliongezeka kutoka elfu tatu na ushei hadi zaidi ya elfu nane, na miwa yao ikafika takriban nusu ya yote inayosagwa.

Nusu. Hili ndilo jambo ambalo wakosoaji wengi wa kilimo cha mashamba makubwa hawapendi kulikuta njiani. Wakulima hawa hawakufukuzwa kwa bunduki. Watu walipanda miwa kwa hiari, wengi wao kwa furaha, na matokeo yake unayaona ukipita: nyumba za matofali ya kuchoma na bati, pikipiki, watoto waliosomeshwa hadi vyuo vya Morogoro na Dar es Salaam kwa fedha ya miwa. Mwandishi anayefika pale na kuandika tu juu ya dhuluma anawavunjia heshima watu waliofanya hesabu zao wenyewe na kuamua. Nami nasema hivyo nikiwa naamini kwamba mkulima huyu amepoteza kitu kikubwa. Alichopoteza hakionekani kwenye ramani ya ardhi, ndiyo sababu ya kukieleza polepole.

Tumchukue mkulima wa ekari mbili. Si mtu fulani. Ni mfano, lakini ukifika Msolwa au Ruembe utakutana na wa aina yake wengi. Amepanda miwa. Miwa inachukua karibu mwaka mzima kukomaa, kisha inakatwa, inachipua kutoka shina lile lile, inakatwa tena mwaka unaofuata, na hivyo hivyo kwa miaka mitano au zaidi kabla ya kung'oa na kupanda upya. Kwa kawaida, bila umwagiliaji, ekari yake itampa kati ya tani 15 na 25. Msimu wa kuvuna unaanza kiangazi kinapoingia, mwezi wa sita hivi, na unaendelea mpaka mvua ziwe nyingi kiasi kwamba magari hayapiti tena.

Mkulima wa mpunga akikomaza mpunga wake, anavuna. Akipenda anaweka ghalani, anasubiri bei ipande Januari. Akipungukiwa, anauza gunia moja leo, jingine wiki ijayo. Akikosa mnunuzi kabisa, anakula. Miwa haina hata moja kati ya hayo. Huwezi kuila ikakushibisha, huwezi kuiweka, na mnunuzi ni mmoja. Na kuna sababu ya kikemia inayoyakaza yote haya. Ndani ya muwa mna sukrosi, ile sukari inayoganda kuwa punje. Muwa ukishakatwa, sukrosi huanza kuvunjika na kugeuka sukari za aina nyingine ambazo bado ni tamu mdomoni lakini kiwandani hazigandi. Kabla ya kukata, shamba huchomwa moto ili majani makavu yaungue, wakataji waone panapokatwa, na nyoka wakimbie. Moto huo huo unaanzisha saa. Muwa ulioungua unatakiwa ufike kwenye rola za kiwanda ndani ya siku moja au mbili. Siku ya tatu bado ni muwa, lakini uzito umepungua na sukrosi imepungua. Baada ya wiki, ni kuni mbaya.

Sasa fikiria viwanda viwili vyenye uwezo maalumu wa kusaga kwa siku, na wakulima elfu nane ambao miwa yao yote imekomaa katika miezi ile ile. Lazima iwepo foleni. Nani aanze, nani afuate, nani asubiri Novemba wakati mawingu yameshaanza kukusanyika? Foleni hii ndiyo siasa yote ya Kilombero. Kampuni inapanga kiasi gani cha miwa ya nje kipokelewe kila siku. Chama cha wakulima kinagawa kiasi hicho kwa wanachama. Kisha anahitajika mkandarasi wa kukata, mkandarasi wa mtambo wa kupakia, na mkandarasi wa malori, na kila mmoja ana sababu zake za kupenda shamba kubwa lililo karibu na barabara kuliko ekari mbili zilizojificha nyuma ya mfereji. Lori likiingia kwenye ekari mbili, linazungushwa, linakwama, linajaa nusu. Kwenye ekari hamsini linajaa na kuondoka. Huhitaji kumhonga mtu yeyote ili mdogo abaki nyuma. Mpangilio wenyewe unatosha. Rushwa ikiongezeka juu yake, inakuwa chumvi tu.

Na kukaa nyuma kuna gharama. Muwa uliopitiliza unaanguka, unatoa maua, sukrosi inashuka. Mvua zikiwahi, barabara za mashambani zinageuka tope na msimu unafungwa huku miwa ya watu imesimama. Miwa hiyo haitavunwa mpaka mwaka unaofuata, na haitakuwa miwa ile. Mkulima ameshaikopea mbolea, ameshailipia palizi. Shamba la kampuni ya pembeni yake halipati ajali hiyo kwa kiwango hicho, kwa sababu anayepanga ratiba ya kuvuna hajisahau.

Hapo ndipo unapoelewa mioto ya usiku. Kila msimu, katika maeneo ya miwa ya Kilombero, huwaka mashamba ambayo hayakupangiwa kuchomwa. Mengine ni ajali: cheche kutoka shamba la jirani, mwindaji wa panya, mtoto. Mengine ni kisasi. Lakini mengine huchomwa na mwenyewe. Hesabu yake si ya kichaa. Muwa mbichi unaweza kusubiri, kwa hiyo unasubirishwa. Muwa ulioungua hauwezi kusubiri, na chama, kwa kuogopa hasara, huenda kikauingiza mbele. Mtu anayechoma shamba lake gizani anafanya kitu pekee alichobakiwa nacho cha kuisogeza foleni. Shida ni kwamba moto hausomi mipaka. Ekari mbili zikiwaka na upepo ukawepo, zinawaka ishirini, na asubuhi wapo majirani kumi na kitu ambao saa yao imeanza kuhesabu bila wao kuuliza, na malori ni yale yale. Kampuni na vyama vimeweka adhabu kwa miwa iliyoungua bila kibali, ikiwemo kuikata bei. Kwa hiyo jirani aliyekuwa amelala naye anaadhibiwa. Wanawake wanaoanua nguo asubuhi wanakuta masizi meusi marefu ya majani yamelala juu ya shuka, na kabla hata habari haijafika wanajua kuna nyumba leo haitakuwa na amani.

Dawa iliyopendekezwa ni kuunganisha mashamba madogo kuwa vitalu vikubwa vinavyopandwa, kuchomwa na kuvunwa kwa pamoja. Fedha za Umoja wa Ulaya zilisaidia kuvianzisha baadhi. Kiufundi ni wazo zuri, na waliomo wengi wanasema mavuno yanapanda. Angalia tu kilichotokea njiani: ili mkulima mdogo apone udogo wake ndani ya mfumo huu, inabidi shamba lake lipotee ndani ya kubwa. Anabaki na mgawo kwenye karatasi. Kulima, kuchagua mbegu, kuamua siku, vyote vimehamia kwa mtu mwingine, na yeye anakwenda kufanya kibarua mahali pengine akisubiri hundi.

Hundi nayo ina safari yake. Malipo hutegemea vitu viwili, uzito kwenye mizani ya kiwanda na kiwango cha sukrosi kinachopimwa kwenye maabara ya kiwanda. Mkulima haoni chochote kati ya hivyo. Anaona lori likiondoka limejaa, na wiki kadhaa baadaye anaona karatasi yenye tarakimu. Humo juu kuna tani na asilimia; chini yake makato: kukata, kupakia, kusafirisha, ada ya chama, mkopo wa mbolea. Mwenye ekari mbili mara nyingine hugundua kwamba aliyemkatia na aliyembebea wamepata zaidi yake. Sisemi kwamba kiwanda kinaiba. Maabara nzuri inaweza kupima sawasawa na matokeo yakawa mabaya kwa sababu muwa ulikaa siku nne barabarani. Lakini ukimwambia mtu kwamba utamu wa mali yake umeshuka, wakati aliyechelewesha si yeye na aliyepima ni mnunuzi, usitegemee akuamini. Vyama vimedai kwa miaka mingi kuwa na mtu wao maabara, na Bodi ya Sukari, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ina jukumu la kusimamia uhusiano huu. Mtu mmoja wa chama, mwenye elimu ya kutosha kubishana na mkemia, angetuliza kelele nyingi kuliko semina zote za ujasiriamali zilizowahi kufanyika Ruaha.

Vyama vyenyewe vimekuwa na historia ya kusikitisha. Vilianza vikubwa viwili, kimoja kila upande wa mto, vyenye nguvu ya kukaa mezani na kampuni. Kisha vikapasuka. Kila kundi lililoona foleni inawaonea lilijitenga na kuunda chama chake, mpaka vikazidi kumi, vyote vikigombea nafasi kwenye mizani ile ile. Baadaye serikali ilivisukuma kuwa vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS. Majina yamebadilika kwenye mihuri. Foleni ipo.

Nimetumia muda mrefu kwenye miwa na sijaingia jikoni. Bonde la Kilombero ni moja ya mabonde makubwa ya mpunga nchini. Mchele wake unauzwa Kariakoo kwa jina lake. Wandamba walilima mpunga kwenye maji ya mafuriko na kuvua samaki humo humo muda mrefu kabla mtu yeyote hajasaga muwa pale. Lakini kwenye ukanda ule mwembamba chini ya Udzungwa, ekari iliyoingia miwa imetoka kwenye mpunga au mahindi, na haitarudi kesho, kwa kuwa shina la muwa linakaa ardhini miaka mitano. Familia inayolipwa mara moja kwa mwaka inanunua chakula kila siku. Katikati ya malipo mawili kuna miezi ya kukopa dukani, na mwenye duka anajua kuandika. Wenye uwezo hukodi shamba la mpunga mbali, safari ya basi au pikipiki, wakajenga kibanda cha kulala msimu mzima. Watoto wanabaki na bibi.

Mzigo huu haumpati kila mtu sawasawa. Uanachama wa chama mara nyingi uko kwa jina la baba, akaunti ya benki kwa jina la baba, wakati palizi ni ya mama na watoto. Mpunga ulikuwa na tabia nzuri kwamba ukiwa kwenye gunia nyumbani, mama ana mkono juu yake. Fedha ya miwa inapitia benki Kidatu, na njia kutoka benki hadi nyumbani inaweza kuwa ndefu sana. Na mwaka 2011 ikaja nyongeza ambayo haikuhusu kiwanda hata kidogo: wanawake waliokuwa wakiruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya Hifadhi ya Udzungwa siku maalumu za wiki walizuiwa kabisa. Wenye hifadhi walikuwa na hoja zao, na msitu ule kweli ni wa thamani isiyosemeka. Lakini mahali pengine mtu akizuiwa mlimani angekwenda bondeni kutafuta kichaka. Hapa bondeni hakuna kichaka, kuna miwa.

Wapo waliofaidika vizuri, na wanastahili kutajwa, maana ndio wanaotokea kwenye picha za vipeperushi. Ni mtumishi mstaafu wa kiwanda anayejua mlango upi wa kugonga, mfanyabiashara mwenye malori yake mwenyewe, mwalimu au afisa aliyenunua ekari moja moja kutoka kwa waliochoka mpaka zikafika arobaini. Kwenye takwimu wote hawa ni wakulima wadogo. Bei ya ardhi imepanda, na kijana aliyezaliwa Sanje leo ana njia tatu: akodi, akate miwa ya mwenzake, au apande basi.

Mbali zaidi kusini, ukishapita Ifakara kuelekea Mlimba, kuna namna nyingine ya shamba kubwa, na inafaa kuiweka kando ya hii. Mngeta ni shamba la mpunga la hekta 5,818. Lilifunguliwa katika miaka ya 1980 kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, na Wakorea walipoondoka liliachwa, nyasi zikaota, na watu wakafanya kile watu wanachofanya kwenye ardhi iliyoachwa: wakalima na kujenga. Mwaka 2008 likaingia mikononi mwa Kilombero Plantations, kampuni ya ubia kati ya Agrica ya Uingereza na mamlaka ya bonde la Rufiji, RUBADA, baadaye ikipata mtaji wa mfuko wa serikali ya Norway, Norfund, miongoni mwa wengine. Waliokuwa wamejenga walihamishwa, wakalipwa, na ubishi kuhusu kiasi cha malipo ulidumu miaka. Mwaka 2015 taasisi ya Oakland ya Marekani ilichapisha ripoti yenye malalamiko ya wanakijiji kuhusu fidia, dawa za kuulia magugu na mikopo. Kampuni na wafadhili wake waliyakanusha.

Mimi kinachonishika zaidi ni mikopo. Kampuni iliwafundisha maelfu ya majirani kilimo shadidi cha mpunga: miche michanga ya siku nane hadi kumi na mbili, mmoja mmoja, sentimita 25 kila upande, palizi ya mapema. Njia hii inafanya kazi, hilo halina mjadala, na mavuno ya wengi yalipanda mara mbili au zaidi. Inataka pia mbegu bora, mbolea na mikono mingi, kwa hiyo ilikuja na mkopo. Kisha mwaka 2013 mchele wa nje ukaruhusiwa kuingia nchini bila ushuru ili kushusha bei mijini. Bei ikashuka. Mkulima aliyekuwa amevuna maradufu alijikuta anadaiwa. Shamba kubwa lenyewe, pamoja na wafadhili wake wote, halikupona pigo hilo na mengine yaliyofuata, na kabla ya mwongo ule kwisha lilishindwa kulipa madeni yake.

Tofauti ya miwa na mpunga inaonekana hapo. Mngeta walipoteza ardhi waliyokuwa wakiilima, jambo zito na la machungu. Lakini waliobaki pembeni na mashamba yao, kampuni ilipoyumba, walikuwa bado na mpunga wa kula, na kilimo shadidi kimebaki vichwani mwao. Kidatu hawakupoteza ardhi. Kiwanda kikizimika wiki tatu tu, nyumba elfu nane zina la kujibu.

Mngeta na Kidatu zote ziliwekwa kwenye mpango mmoja, SAGCOT, uliotangazwa Dar es Salaam Mei 2010 mbele ya mkutano wa Jukwaa la Uchumi la Dunia. Ukanda wote kutoka bandarini hadi mpaka wa Zambia ungefunguliwa, hekta 350,000 ziingie kilimo cha biashara, na watu milioni mbili watoke kwenye umaskini kufikia 2030. Mkulima wa nje wa Kilombero ndiye aliyeoneshwa kama ushahidi kwamba mkubwa na mdogo wanaweza kukua pamoja. Aliyeandika hivyo sidhani kama alikaa usiku mmoja Ruembe mwezi wa kumi na moja.

Mwanzoni mwa 2024 nchi nzima ilionja kidogo foleni ya Kilombero. Mvua za El Niño ziliingia mashambani mwishoni mwa 2023, malori yakashindwa kupita, viwanda vikapunguza au kusimamisha uzalishaji, na bei ya kilo ya sukari ikapanda kutoka chini ya shilingi 3,000 hadi zaidi ya 4,500, sehemu nyingine zaidi ya hapo. Bungeni walizozana kuhusu vibali vya kuagiza. Wenye viwanda walilaumiwa, waagizaji walilaumiwa. Miwa yenyewe haikuwa imepungua. Ilikuwa imesimama majini ikingoja barabara, na wenyewe walikuwa wanaitazama.

Jibu lililokuwa tayari linajengwa lilikuwa kiwanda kipya, mradi wa K4, wa shilingi bilioni 571 kama ilivyotangazwa. Lengo lilikuwa uzalishaji utoke tani 127,000 za sukari hadi 271,000 kwa mwaka, na miwa ya wakulima wa nje itoke tani 600,000 hadi milioni 1.7. Kwa foleni hii ni habari njema ya wazi: kinywa kikubwa kinameza haraka. Miwa mingi iliyokuwa ikilala shambani ingepata pa kwenda, angalau mwanzoni.

Ila hizo tani milioni moja na laki moja za ziada zinahitaji ardhi. Kwa mavuno ya sasa ya mkulima asiye na umwagiliaji ni zaidi ya ekari elfu hamsini mpya, au mavuno yapande sana kwenye zilizopo, au vyote viwili. Magharibi ni Udzungwa. Mashariki ni msitu wa Magombera na nyuma yake Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kusini ni uwanda wa mafuriko ambao tangu 2002 ni ardhioevu inayolindwa kwa mkataba wa Ramsar, na ambako mwaka 2012 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa kwa operesheni. Kilichobaki ni mashamba ya mpunga na mahindi ya vijiji vile vile, na mabwana shamba wameshaanza kupita nyumba kwa nyumba na mbegu.

Mkulima anayewapokea ana maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini. Muwa ukiungua kwa moto usio wangu na lori lisije, hasara ni ya nani? Kibali cha kuchoma kikitolewa na chama, na mkandarasi akachelewa siku nne, nani analipa hizo siku? Msimu ukifungwa shamba langu halijavunwa, mkopo wa mbolea unasimama au unaendelea kuzaa riba? Mtu wetu maabara ni nani, na analipwa na nani? Kwa wakulima wengi majibu ya maswali hayo yako upande mmoja tu wa meza, na mkataba mkubwa kati ya kampuni na vyama huandikwa kwa Kiingereza.